Mwenye majumba ya hewa anasema yana bima: je, tutie saini?

SWALI

Papa mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mtunza hazina wa kamati ya wazazi katika mtaa mmoja wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Tarehe 1 Agosti, ambayo ni siku ya wazazi, asubuhi tutakwenda makaburini kama kawaida kufagia na kuwakumbuka wazee wetu, na mchana tutawasherehekea wazazi walio hai. Mwaka huu tumeamua kuwaalika pia watoto wa mtaa mzima katika kiwanja cha shule, tuuze tiketi za michezo, na kitakachopatikana kinunue madawati ya darasa la kwanza.

Kitu ambacho watoto wanakingojea kuliko vyote ni majumba ya hewa ya kurukia. Tumempata mtu anayekodisha mawili, moja la kuruka lenye kamba sita za kufungia chini, na lingine la kuteleza lenye kamba nane, ambalo kilele chake kinakaribia mita tano. Ametupa bei mbili: dola 200 kwa yote mawili pamoja na vijana wake wawili wa kuyasimamia, au dola 140 bila vijana, yaani yeye atayafunga asubuhi, atuachie, kisha arudi jioni kuyachukua. Kamati imependa hiyo ya pili. Ametuletea pia karatasi ya kutia saini yenye kichwa « décharge », inayosema kwamba tangu kukabidhiwa hadi kurudishwa, ajali yoyote itakuwa juu ya aliyekodi peke yake. Mwenye kutia saini ni mimi.

Mkurugenzi wa shule amesema hatatupa kiwanja bila kuona uthibitisho wa bima. Nilipomwambia mwenye majumba, akacheka, akasema mashine zake ni za Ulaya na bima anayo tangu Januari, akanipa nakala ambayo naiambatisha hapa. Mume wangu anasema bima ni mambo ya kampuni za migodi na kwamba tunajisumbua. Mwenzetu mmoja anapendekeza kila mzazi atie saini anaponunua tiketi kwamba akubali hatari yote, ili tuwe salama. Mimi binafsi nina wasiwasi, kwa sababu kiwanja kile ni cha udongo mwekundu ambao wakati huu wa kiangazi haupenyeki kwa jembe, na mwaka jana mwezi wa Agosti upepo uliinua hema la kilio karibu na kwetu ukalitupa juu ya ukuta wa jirani. Je, karatasi hii ya bima inafaa? Nitie saini? Na mtoto akivunjika mguu, nani atalipa?

Mama mtunza hazina, Katuba

JIBU

Mama mtunza hazina,

Nianze na nakala uliyoambatisha, kwa sababu jibu lake ni fupi. Karatasi hiyo ina namba ya sahani, namba ya shasi, aina ya mafuta na idadi ya viti. Ni bima ya gari lake la kubebea mizigo. Ikitokea gari hilo likamgonga mtu njiani wakati wa kuleta majumba, karatasi hiyo itakuwa na kazi. Mtoto akianguka kutoka kwenye jumba la kuteleza, haimhusu hata kidogo. Sisemi kwamba mwenye majumba amekusudia kuwadanganya. Watu wengi wanaofanya biashara ya kukodisha vitu hapa mjini wanaamini kwa moyo mweupe kwamba ukishalipia bima moja umelipia kila kitu. Lakini mkurugenzi wa shule akisoma kwa makini ataona ninachokiona mimi, na atakuwa na haki ya kuwafungia lango.

Kuhusu saini, usitie. Sheria yetu ya madeni na mikataba, ambayo ni ile amri ya tarehe 30 Julai 1888 tunayoiita kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, inasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemsababishia mwingine madhara kwa kosa lake analazimika kuyafidia, na katika kifungu cha 260 inaongeza kwamba mtu hubeba pia madhara yanayoletwa na vitu alivyo navyo chini ya ulinzi wake. Maneno hayo, « sous sa garde », ndiyo yanayobeba uzito wote wa jambo lenu. Mahakama itauliza ni nani aliyekuwa na jumba lile mikononi saa ya ajali, aliyeliamuru, aliyeweza kulifunga na kulizima. Mwenye nalo akibaki kiwanjani na vijana wake, ni vigumu kwake kukana kwamba ulinzi ni wake. Akiondoka asubuhi na kuwaachia, ulinzi umehamia kwenu, na ile karatasi ya « décharge » inakuwa ushahidi alioutayarisha mapema. Kwa zile dola 60 ambazo kamati inadhani imeziokoa, yeye amewauzia dhima yake yote.

Kuna jambo lingine ambalo barua yako hailitaji. Je, kamati yenu ina hadhi ya kisheria? Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayoongoza mashirika yasiyotafuta faida, na kamati ya mtaa ambayo haijapita njia hiyo haiwezi kushtakiwa wala kulipa kama kamati. Atakayeitwa ni yule aliyetia saini. Kwa hiyo anayekodi awe shule, au parokia, au shirika lenye karatasi zake, nanyi mfanye kazi chini ya jina hilo, wenyewe wakikubali kwa maandishi.

Pendekezo la mwenzenu la kuwataka wazazi watie saini naliheshimu kwa nia yake, ila lisiwape usingizi. Kifungu cha 52 cha sheria ya jinai kinamtia hatiani anayesababisha kifo au majeraha bila kukusudia, kwa kutotazamia au kutojihadhari. Mashtaka ya namna hiyo hufunguliwa na mwendesha mashtaka, na saini ya mzazi kwenye tiketi haimfungi. Bima nayo hailipi adhabu ya jinai kwa niaba ya mtu. Tiketi iandikwe masharti ya mchezo, yaani umri, kuvua viatu na kutii msimamizi. Hayo yana faida. Zaidi ya hapo ni wino tu.

Sasa nije kwenye upepo, ambao umeutaja mwishoni mwa barua ingawa mimi ningeuweka mwanzo. Jumba la hewa lina uso mpana na uzito mdogo, na nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walikusanya habari za ajali za aina hii zilizoletwa na upepo duniani kati ya 2000 na 2021, wakahesabu vifo 28 na majeruhi 479. Kesi mbili zinafaa kujulikana na kila anayekodi. Machi 2016, huko Harlow, Uingereza, jumba lilichukuliwa na upepo pamoja na mtoto wa miaka saba aliyekuwa ndani, naye akafa. Mwaka 2018 waendeshaji wawili walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kila mmoja, kwa sababu hawakulifunga vya kutosha na hawakufuatilia hali ya hewa. Tarehe 16 Desemba 2021, katika shule ya msingi mjini Devonport, Australia, kisulisuli cha vumbi kiliinua jumba katika sherehe ya kufunga mwaka, watoto sita wakafa. Jumba lilikuwa na sehemu nane za kufungia, na nne tu ndizo zilizotumika. Mwendeshaji aliachiliwa na mahakama mwaka 2025, kwa hoja kwamba kisulisuli kile hakikuweza kutazamiwa na kwamba hata kamba zote zisingelizuia.

Kesi hiyo ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa ajili yenu. Kisulisuli cha vumbi huzaliwa pale ambapo ardhi kavu, isiyo na majani, imepigwa na jua chini ya mbingu isiyo na wingu, kuanzia karibu na adhuhuri hadi alasiri. Umenielezea kiwanja cha shule cha udongo mwekundu, mwezi wa Agosti, mchana. Kila aliyekulia Lubumbashi amekwisha kuona visulisuli hivyo vikipita kiwanjani na kubeba mifuko ya plastiki, na hakuna hakimu wa hapa atakayekubali kwamba havikutazamiwa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza haugharimu hata faranga moja: msiweke majumba ya hewa mchana wa tarehe 1. Siku hiyo wapeni watoto mbio, kuvuta kamba na ngoma, na majumba yaje Jumamosi inayofuata, yaanze asubuhi mapema na kushushwa kabla jua halijafika utosini. Najua kwamba tangazo limekwisha kutolewa na kwamba watoto watanung'unika.

Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 14960, ambacho ndicho kinachofuatwa na watengenezaji wengi, kinasema jumba lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, na watengenezaji wengine wanaweka kikomo cha chini zaidi. Kama kweli mashine za mtu wenu ni za Ulaya, zitakuwa na kibao kilichoshonwa au kubandikwa karibu na mlango, chenye jina la mtengenezaji, namba hiyo ya kiwango, idadi ya watoto kulingana na urefu wao, na kikomo cha upepo. Kipigeni picha. Kibao kisipokuwepo, au kikiwa kimefutika hata hakisomeki, mimi singeendelea na mazungumzo, hata bei ishuke namna gani.

Kifaa kidogo cha mkononi cha kupima upepo si cha gharama kubwa, na mwenye biashara hii anapaswa kuwa nacho. Asipokuwa nacho, tazameni miti. Vumbi na karatasi zikianza kuruka, upepo una kilomita 20 hadi 28 kwa saa, na hapo msimamizi asogee mlangoni na kupunguza watoto. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, upepo uko kati ya 29 na 38, na hapo watoto wote watoke, hewa ikatwe, jumba lilale chini. Msingoje kufikia 38 kamili, maana kinachoinua jumba ni pigo moja la ghafla, na pigo hilo daima linapita kiasi mnachokiona mitini.

Kufunga jumba ndiko kunakotofautisha fundi na mchuuzi. Kiwango hicho kinataka angalau sehemu sita za kufungia, na zote zitumike, zile za nyuma na za ubavuni pia. Kigingi cha chuma kiwe na urefu usiopungua milimita 380 na unene wa milimita 16, kichwa chake kikiwa cha mviringo, na kipigwe kwa kuinamia upande wa nje wa jumba. Unene huo ni sawa na nondo ya 16 inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ninachokiona mara nyingi viwanjani ni nondo ya 8 iliyokunjwa kwa nyundo, ambayo kijana mmoja anaweza kuipinda kwa mguu. Katika udongo wenu wa kiangazi hata kigingi kizuri kitaingia kiasi cha kidole kisha kitaruka, na mtu aliyechoka atakiacha hapo hapo, robo tatu ikiwa nje. Kigingi ambacho hakijaingia chote kihesabiwe kwamba hakipo, tena ni hatari ya pili kwa mtoto anayekimbia bila viatu.

Ardhi isipokubali vigingi, kinachobaki ni uzito, na hapa hesabu huwashangaza wengi. Kila sehemu ya kufungia inatakiwa kuhimili nguvu ya nyutoni 1,600, ambayo ni kama kilo 163. Mifuko mitatu ya mchanga ya kilo 50 haitoshi, inahitajika minne kwa kila kamba, iliyofungwa pamoja kwa mkanda mmoja ili upepo usiivute mmoja mmoja. Kwa jumba lenu la sehemu sita na lile la kuteleza la sehemu nane, jumla ni zaidi ya tani mbili za mchanga. Muulizeni mwenye majumba analeta nini. Akijibu kwamba atafunga kamba kwenye gari lake, kumbukeni kwamba katikati ya mchezo mtu atalihitaji gari hilo kwenda kununua mafuta ya jenereta.

Kuna kipengele kimoja ambacho ningekiweka katika mkataba kuliko vyote vingine, nacho ni cha fedha. Watu hawaendeshi jumba katika upepo kwa sababu hawaujui upepo. Wanaendesha kwa sababu tiketi zimeuzwa, foleni ni ndefu, na kusimamisha maana yake ni kurudisha hela. Basi andikeni kwamba upepo ukifikia kikomo majumba yatashushwa mara moja, kwamba katika hali hiyo mwenye nayo atalipwa kiasi mlichokubaliana mapema, tuseme nusu ya bei, na kwamba tiketi ambazo hazikutumika zitabadilishwa kwa soda au kurudishiwa thamani yake. Kisha mtajeni kwa jina mtu mmoja mwenye amri ya kusimamisha, ambaye hakai kwenye meza ya tiketi. Nisamehe, mama, lakini mtu huyo asiwe wewe, kwa kuwa mtunza hazina ndiye mwenye sababu nyingi zaidi za kutaka foleni iendelee.

Mambo ya umeme nayapitia haraka. Mashine ya kupuliza hewa inafanya kazi wakati wote, na umeme ukikatika jumba linaanza kuwalalia watoto, kwa hiyo msimamizi wa mlangoni asiondoke hata kidogo, na msitegemee waya wa SNEL, shirika la umeme la taifa, peke yake. Jenereta iwe mbali, imezungushiwa kamba watoto wasiifikie, na moshi wake usielekee kwenye mdomo wa mashine ya kupuliza, vinginevyo mtakuwa mnawapulizia watoto sumu. Mafuta yaongezwe ikiwa imezimwa. Waya wenye viungo vilivyofungwa kwa mfuko wa plastiki urudishwe ulikotoka. Mashine ya kupuliza yenyewe ikae angalau mita 1.2 kutoka ukingo wa jumba.

Upepo huua, lakini mifupa huvunjwa zaidi na mchanganyiko wa watoto wakubwa na wadogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulikadiria kwamba katika mwaka 2010 watoto wapatao 31 kwa siku walipelekwa kwenye vyumba vya dharura nchini humo kwa ajili ya majumba haya, na majeraha ya kawaida yalikuwa mivunjiko ya mifupa na kuteguka kwa viungo. Mtoto wa miaka mitano anayerukiwa na kijana wa miaka kumi na mbili hana ujanja. Wapangeni kwa urefu, waingie kwa zamu, wavue viatu na hereni, na mtu mzima asiingie kucheza nao. Vijana wawili wa mwenye majumba wanatosha kusimamia milango miwili. Ninyi ongezeni akina mama wawili wa kupanga foleni. Ndiyo maana bei ya dola 200 ndiyo ninayoiona kuwa bei halisi.

Tuje kwenye bima yenyewe. Kwa miaka mingi hapa nchini ilikuwa SONAS peke yake, kampuni ya bima ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1966. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 iliondoa ukiritimba huo, na tangu 2019 kampuni nyingine zimepewa leseni na mamlaka ya usimamizi wa bima, yaani ARCA. Mnaweza kwenda kwa kampuni yoyote yenye leseni hiyo, au kwa wakala wake, na kumwomba mwenye majumba afanye vivyo hivyo. Akija na karatasi ya bima kutoka Ndola au Johannesburg kwa kuwa majumba yalinunuliwa huko, haitawafaa, kwa sababu hatari iliyoko Kongo inatakiwa kuwekewa bima kwa kampuni yenye leseni ya Kongo, na zaidi ya hayo kila mkataba wa bima hutaja nchi ambamo unafanya kazi.

Unachotakiwa kukitafuta kwenye karatasi yake ni maneno « responsabilité civile », yaani dhima ya madhara kwa watu wengine, pamoja na shughuli iliyotajwa wazi kuwa kukodisha na kuendesha majumba ya hewa, « structures gonflables ». Karatasi inayosema tu « commerce général », yaani biashara bila kutaja ni ipi, italeta ubishi siku ya ajali. Jina liwe la yule yule anayetia saini mkataba nanyi, tarehe ya sherehe iwe ndani ya muda wa bima, na ada iwe imelipwa, kwa hiyo omba kuona risiti. Halafu soma kiwango cha juu cha fidia kwa kila aliyeumia, sehemu ambayo mwenye bima hujilipia mwenyewe (wanaiita « franchise »), na hasa ukurasa wa mambo yasiyofidiwa. Humo ndimo mara nyingi huandikwa kwamba hakuna fidia kama jumba lilitumika upepo ukipita kikomo, au bila msimamizi, au bila kufungwa kama mtengenezaji anavyoagiza. Utaona basi kwamba bima na mchanga haviwezi kutengana: ukiacha nusu ya kamba, umejiondolea hata ile karatasi uliyoilipia.

Shule au shirika litakalokodi nalo liombe bima ya mwandaaji kwa siku hiyo moja, « responsabilité civile organisateur ». Msiende wiki ya mwisho, kwani kampuni itataka kujua mahali, idadi ya watoto, michezo gani, na nani anaendesha. Jibuni kweli tupu. Mkificha jumba la kuteleza ili ada ipungue, mmeipa kampuni sababu ya kukataa kulipa.

Swali lako la mwisho, nani atalipa mguu uliovunjika, halina jibu moja. Bima ya dhima hulipa pale inapoonekana kwamba aliyewekewa bima anawajibika, na uchunguzi huo huchukua muda, ilhali hospitali inataka malipo ya kwanza jioni ile ile. Kuna bima nyingine, « individuelle accidents », ambayo hulipa kiasi kilichopangwa kwa aliyeumia bila kutafuta mwenye kosa, na kwa siku moja ya sherehe inafaa kuulizia bei yake. Mkishindwa kuipata, tengeni fedha taslimu kutoka kwenye mauzo ya tiketi za kwanza, zisiguswe hadi watoto wote warudi kwao, na liwepo gari moja lenye dereva asiyekunywa, anayejua njia ya kwenda hospitali ya Sendwe. Ajali ikitokea, simamisheni jumba, pigeni picha za kamba na vigingi kabla hajavigusa mtu, andikeni majina ya walioona, na ipeni taarifa kampuni ya bima ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba wake.

Mume wako hajakosea kabisa: kampuni za migodi ndizo zinazonunua bima nyingi zaidi katika mkoa huu. Ila zinanunua kwa sababu zimekwisha kuhesabu gharama ya kutokuwa nayo, na zina akiba ya kulipa hata bila bima. Kamati ya Katuba haina akiba hiyo, na wewe binafsi una nyumba na jina katika mtaa.

Kwa mkurugenzi, rudi wiki hii umweleze bila kuficha kwamba nakala uliyopewa ni ya gari, na kwamba mnaomba muda. Mpelekee mwenye majumba mkataba mpya wenye mambo haya: vijana wake wapo muda wote, ulinzi wa majumba unabaki kwake, kamba zote zinafungwa kwa vigingi au kwa uzito uliotajwa, upepo ukifika kikomo yanashushwa kwa malipo mliyokubaliana, na nakala ya bima yenye shughuli yake inaletwa kabla ya malipo ya kwanza. Akikubali, mpeni dola zake 200. Akikataa hata kimoja, hasa kile cha ulinzi, tafuteni mwingine, au mnunue mipira kumi na kamba za kuruka, na salio liende moja kwa moja kwenye madawati.